Je, wajua kwa nini kompyuta inaweza kuganda ikiwa haina kazi, ilhali kazi nzito inaimudu?

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na jibu moja kwa kila kompyuta ya mezani iliyoletwa kwangu hapa Kisumu kwa sababu inaganda au kujiwasha upya bila kuombwa: ni joto. Jibu hilo lilikuwa rahisi kuaminika. Jua la saa nane mchana halina huruma, vumbi huingia katika kila tundu, na mteja akiweka kiganja nyuma ya mashine yake na kuhisi ile hewa ya moto, huridhika kabla hata sijamaliza kueleza. Kwa sehemu kubwa jibu hilo si sahihi, na aliyenifundisha hivyo ni mashine moja ya mitumba.

Mwenyewe alikuwa na studio ya picha na video Kondele. Malalamiko yake yalikuwa na sehemu mbili, nami nikasikia moja tu. Alisema kompyuta inaganda. Akaongeza kwamba inaganda asubuhi anapofungua barua pepe, au inapoachwa imekaa tu, lakini akiipa video ya harusi ya saa tatu kuichakata, inaimaliza bila kutetereka. Nilipuliza vumbi, nikakwangua ule uji wa kijivu unaopakwa kati ya prosesa, yaani ile chipu inayofanya hesabu za kompyuta, na kipoza joto na kupaka mwingine, nikamshauri aache ubavu wa kasha wazi, na hatimaye nikanunua feni ya kusimama nikaielekeza humo ndani. Haikusaidia kitu. Mteja alipohamishia biashara yake Nakuru nilimwambia kwa ujasiri kwamba baridi ya huko itamaliza tatizo. Baada ya wiki mbili akanipigia simu: “Fundi, huku asubuhi tunavaa makoti, na mashine bado inaganda.”

Nilipaswa kujua kwamba prosesa zilizotengenezwa katika miongo miwili iliyopita haziachi joto liziharibie hesabu kimyakimya. Ndani yake mna vipimajoto, na kila aina ya prosesa ina kikomo chake. Kwa nyingi za kampuni ya Intel za kompyuta za mezani kikomo hicho ni nyuzi 100 za Selsiasi. Joto linapokaribia hapo, prosesa hupunguza kasi yenyewe. Likiendelea kupanda licha ya hayo, kwa mfano kwa sababu kipoza joto kimelegea, mashine hukata umeme kabisa. Kwa hiyo prosesa iliyozidiwa na joto kwa kawaida huwa na dalili mbili: inakuwa nzito, au inazima mara moja kama taa, na mara nyingi hufanya hivyo katikati ya kazi ngumu. Kuganda wakati mtu anasoma barua pepe ni dalili ya familia nyingine, ile ya prosesa inayokosea.

Mshukiwa wa pili ambaye watu wa huku kwetu humtaja upesi ni stima, na hapa napo nilikuwa na makosa yangu. Ni kweli kwamba umeme unapoyumba mashine huumia. Lakini volti 240 za ukutani hazifiki kwenye prosesa. Kisanduku cha umeme kilicho ndani ya kasha huzigeuza kuwa volti 12 za mkondo mnyoofu, kisha ubao mkuu huzishusha tena hadi volti moja na ushei. Kisanduku hicho kina akiba ndogo ya kuvumilia mkatiko wa sehemu chache za mia moja za sekunde. Mkatiko ukizidi hapo, mashine nzima huzima. Haichagui kuangusha programu moja na kuziacha nyingine. Ila nitoe tahadhari: kisanduku cha umeme chenyewe kikichakaa kinaweza kuiga karibu dalili zote ninazozieleza hapa, na ndiyo maana fundi mwenye busara hukibadilisha kwa majaribio kabla ya kumlaumu mwingine.

Basi prosesa hukosea vipi? Fikiria mjengo wa ghorofa ambapo watu kumi wamejipanga kwenye ngazi, wakipasiana matofali kutoka chini hadi juu. Pembeni amesimama mpiga isukuti. Sharti ni moja: kila pigo la ngoma linapolia, kila mmoja awe ameshapokea tofali la aliye chini yake na kumkabidhi aliye juu yake. Mpiga ngoma hatazami mikono ya watu wala hasubiri mtu. Yeye hupiga tu. Mikono ikiwa na kasi kuliko ngoma, ukuta unapanda vizuri. Ngoma ikienda mbio kuliko mkono mmoja tu kati ya ile kumi, tofali linaanguka, na wale wa juu wanaendelea kupasiana hewa kana kwamba ni tofali.

Ndani ya prosesa ngoma hiyo huitwa saa, na prosesa ya gigahezi 6 hupigiwa mapigo bilioni sita kwa sekunde. Kati ya pigo na pigo, mwanga wenyewe, ambao hakuna kinachoupita kwa mwendo, husafiri takriban sentimita 5 tu: nusu ya urefu wa kiganja. Ndani ya muda huo ishara inatakiwa ipite katika msururu wa transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, na kutulia mahali pake.

Nguvu ya mikono ni volti. Ukiongeza volti, transista hufunguka na kufungika upesi zaidi, ukipunguza, hulegea. Kwa nini basi wasiongeze tu? Kwa sababu umeme unaoliwa hupanda kwa kipeo cha pili cha volti: ziongeze kwa sehemu moja ya kumi, na matumizi hupanda kwa takriban sehemu mbili ya kumi, hata ngoma isipoongezwa kasi. Joto nalo lina nafasi yake katika mfano huu, kwa maana hulegeza mikono kiasi, hivyo jibu langu la zamani halikuwa uongo mtupu. Ila lina kioja chake: volti zikiwa chini sana, transista iliyopata moto inaweza kuwa nyepesi kuliko ya baridi, kwa sababu joto hushusha kile kizingiti cha volti kinachohitajika ili iwake. Mashine iliyoachwa katika hali hiyo inaweza kusumbua zaidi kwenye asubuhi ya makoti kuliko saa nane mchana.

Sasa turudi kwenye swali la studio. Viini vyote vya prosesa, yaani sehemu zake zinazofanya hesabu kila moja kivyake, vinapofanya kazi pamoja, kasi hushushwa ili umeme na joto visipite kiasi. Yaani watu ni wengi lakini ngoma ni ya wastani. Kazi inapokuwa ndogo, kiini kimoja au viwili hupewa ngoma ya kasi kuliko zote ili barua pepe ifunguke upesi. Prosesa ya Intel iitwayo Core i9-14900K, kwa mfano, hufika gigahezi 6 katika hali hiyo tu. Zaidi ya hapo, mashine iliyokaa kimya huwa imelala kwa volti za chini, na mtu anapobofya kitu huamshwa ghafla. Mkondo unaruka na volti huzama kwa kitambo kidogo, kama maji ya bombani yanavyopungua nguvu jirani anapofungua bomba lake. Kwa hiyo kinachoonekana kwetu kuwa ni mapumziko, kwa transista ndicho kipindi chenye nafasi finyu kuliko vyote. Video ya harusi ilikuwa mwendo wa taratibu.

Tofali lililoanguka si lazima lizue kelele. Likiwa ni anwani ya kumbukumbu, Windows inaweza kuonyesha skrini ya buluu. Likiwa ni tarakimu ndani ya hesabu, jibu lisilo sahihi huandikwa na maisha yakaendelea. Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walieleza kisa cha kiini kimoja cha prosesa ambacho, kikiulizwa sehemu nzima ya 1.1 kwa kipeo cha 53, kilijibu 0 badala ya 156. Kiini hicho hakikuwa kibovu kwa kila hesabu, na kosa lake lilionekana kama mafaili yaliyopotea kutoka kwenye hifadhi. Mwaka huohuo wahandisi wa Google waliandika kwamba wanakuta viini vichache vya namna hiyo katika kila mashine elfu kadhaa. Takwimu hiyo ni ya mitambo yao, na nisingependa mtu aipachike kwenye saiba ya Kakamega bila kufikiri.

Kisa kilichotangaza jambo hili ulimwenguni ni cha prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, zilizotoka Oktoba 2022 na Oktoba 2023. Wenye mashine hizo walikuwa wakifungua michezo iliyojengwa kwa Unreal Engine, programu ya kutengenezea michezo, na kupata ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro imeisha, na wengine wakahangaika na kadi isiyo na kosa lolote. Kilichokuwa kikitokea ni kwamba prosesa ilikuwa ikifungua data iliyobanwa, ikipata jibu lisilo sahihi, na programu ikatafsiri kushindwa huko kuwa ni uhaba wa kumbukumbu. Mwishoni mwa Septemba 2024 Intel ilieleza chanzo, na hapa mfano wangu wa mjengo unanifurahisha kupita kiasi, kwani aliyechakaa zaidi hakuwa mbebaji wa matofali bali mpiga ngoma mwenyewe.

Saketi inayosambaza mapigo ya saa ndani ya kiini ilikuwa ikizeeka kabla ya wakati kwa sababu ya volti na joto la kupita kiasi. Kila pigo lina nusu mbili, mkono kupanda na mkono kushuka, na kuna kazi zinazofuata nusu ya kwanza na nyingine zinazofuata ya pili. Saketi ilipochakaa, mapigo kwa sekunde yalibaki yaleyale ila nusu hizo hazikulingana tena. Waliopewa nusu fupi wakakosa muda wa kukabidhi. Programu ndogo za marekebisho zilitolewa mwaka huo, 0x129 ya Agosti ikizuia prosesa kuomba zaidi ya volti 1.55, na 0x12B ya Septemba ikishughulikia maombi ya volti kubwa wakati mashine imekaa bure au ina kazi nyepesi. Naam, tena wakati wa mapumziko. Dhamana nayo iliongezwa miaka miwili. Marekebisho hayo ni kinga wala si tiba: prosesa iliyokwisha kuchakaa haifufuki nayo.

Si kila kompyuta inayoganda ina ugonjwa huo, na nyingi za huku ni za vizazi vya zamani zaidi. Njia ya kuchunguza hata hivyo ni ileile, nayo huanza na jambo lisilogharimu hata shilingi, yaani kurudisha mipangilio yote ya BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, ilivyotoka kiwandani, ikiwemo ile inayoongeza kasi ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), ambayo wengi hudhani ni ya kawaida kumbe nayo ni ngoma iliyoharakishwa. RAM ipimwe usiku kucha kwa programu ya MemTest86. Kwenye daftari la matukio la Windows yatafutwe maandishi ya WHEA-Logger, kwa sababu huko prosesa huungama yenyewe, na mara nyingi hutaja namba ya kiini. Namba ileile ikijirudia, una mshukiwa. Programu ya Prime95, iliyotengenezwa ili kusaka namba tasa kubwa, hulinganisha majibu ya prosesa na majibu yanayojulikana tayari, lakini iendeshwe kwenye kiini kimoja baada ya kingine, kwani kuvibana vyote pamoja ni kurudia kosa la video ya harusi. Mwisho, punguza kasi ya juu kwa hatua moja au mbili, tuseme kutoka 55 hadi 53, yaani gigahezi 5.5 hadi 5.3. Mashine ikitulia hapo, hujaiponya, ila umejua ni mikono isiyoifikia ngoma.

Nilipanda matatu hadi Nakuru na kufungua BIOS ya ile mashine, kitu ambacho sikuwa nimekifanya hata mara moja kule Kondele. Aliyeimiliki kabla ya mteja wangu alikuwa ameipunguzia prosesa volti 0.12 chini ya kiwango cha kiwandani. Hiyo ni njia ambayo watu hupendekezana kwa nia moja tu, ya kupunguza joto. Kwa maneno mengine, mtu mwingine mwenye imani yangu alikuwa ameitibu mashine kabla yangu, na tiba yake ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Nilirudisha mipangilio ya kiwandani, nikahifadhi, nikaiwasha. Nyuzi zilipanda kidogo kwenye kazi nzito, kama ilivyotarajiwa, na kuganda kukakoma. Ile feni niliirudisha Kisumu, na siku hizi hunipepea mimi.