Mkanda haunoi wembe: dhana potofu kuhusu wembe wa kukunja

Saluni nyingi za Dodoma leo zinatumia nyembe za kutupa. Wembe wa kukunja, ule wa mababu, umebaki kwa wachache. Naamini wengi waliuacha kwa kuumia, na waliumia kwa sababu hawakufundishwa kuutunza.

"Mkanda wa ngozi ndio unaonoa." Mkanda huu ni ule ukanda wa kupitishia wembe kabla ya kunyoa, na hili ndilo kosa kubwa. Kinachonoa ni jiwe, kwa sababu ndilo linalokula chuma. Mkanda unanyoosha tu ncha nyembamba ya makali iliyopinda kwa kukata ndevu, na kuisafisha. Wembe uliokwisha kuwa butu utaupitisha mkandani hata mara mia, utabaki butu.

Hata mwendo wake ni tofauti. Kwenye jiwe makali hutangulia. Kwenye mkanda hutangulia mgongo, la sivyo utakata ngozi ya mkanda. Ukifika mwisho, geuza wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, kamwe usiuviringishe juu ya makali. Na mkanda ukazwe! Ukilegea, ngozi hubonyea kisha huinuka nyuma ya makali na kuyaviringa. Mimi hupitisha mara 30 hivi kabla ya kunyoa, polepole, bila kukandamiza. Kwetu huku kuna adui mwingine: vumbi la kiangazi. Chembe moja ya mchanga ikinasa kwenye ngozi inakwaruza makali yote, kwa hiyo mkanda ufunikwe, na upanguse kwa kiganja kabla ya kuanza.

"Jiwe lolote linafaa." Kisu cha kuchinjia mbuzi kinaweza kupata makali kwenye jabali la nyuma ya nyumba. Wembe hauwezi. Unahitaji kinoo bapa na laini: namba 1000 (namba ikiwa kubwa zaidi, jiwe ni laini zaidi) kuweka makali, kisha laini zaidi, hadi 8000 au 12000 kumalizia. Laza wembe ili mgongo na makali viguse jiwe kwa pamoja, maana unene wa mgongo ndio unaoshika pembe. Ukiinua mgongo, umeharibu. Mwishoni uzito wa wembe wenyewe unatosha.

"Nywele ni laini, haziwezi kumaliza chuma." Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walionyesha katika jarida la Science kwamba unywele, ulio laini mara 50 hivi kuliko chuma cha wembe, unaweza kumegua makali. Loweka ndevu kwa maji ya moto kwanza. Unywele uliolowa hukatika kwa urahisi zaidi.

"Wembe mkali ndio hatari." Butu ni hatari zaidi, kwa kuwa unakulazimisha kukandamiza.

"Wembe ni ule ule." Kwenye mazungumzo, sawa. Kwenye kidevu, hapana. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na jiwe wala mkanda haviviui. Wembe wa chuma unaweza kutakaswa, lakini ngozi ya mkanda huwezi kuichemsha. Kwa hiyo wembe wa kukunja na mkanda wake viwe vya mtu mmoja, hata kama wanaouomba ni ndugu wa tumbo moja.