Mtoto Anapiga Vayolini, Mzazi Hujui Hata Noti: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mi sijui kusoma noti. Naanza na hilo manake ndo swali la kwanza naloulizwa na wazazi wenzangu wakisikia binti yangu anapiga vayola, ile ndugu ya vayolini iliyo kubwa kidogo na yenye sauti nzito zaidi, kwenye okestra ya vijana, "kwani na wewe ni mwanamuziki?", hapana, mi hata kuimba naimba nikiwa bafuni na maji yakiwa wazi. Na dhana karibu zote nazoandika hapa nilikuwa nazo mwenyewe, zingine zilitupotezea miezi tu, zingine zilimtoa mtoto machozi bure.

Dhana: mzazi asiyejua muziki hana cha kumsaidia mtoto, alipe ada anyamaze.

Hii ndo mama yao. Hesabu mwenyewe, mwalimu anamwona mtoto nusu saa, sana sana saa moja kwa wiki, siku sita zilizobaki yuko na wewe, na siku hizo sita hazihitaji mtaalamu, zinahitaji mtu wa kusema "haya, saa yako imefika" na kukaa pale pale karibu hata kama anakunja nguo. Shinichi Suzuki, yule Mjapani aliyezaliwa 1898 ambaye njia yake ya kufundisha watoto vayolini imeenea dunia nzima, alitaka mzazi aingie darasani na mtoto, aandike, na mara nyingi mzazi ndo aanze kujifunza vile vitu vya mwanzo mwanzo, kushika ala, kushika upinde, ile fimbo ya kupigia nyuzi, kabla hata mtoto hajapewa. Hakuwa anatafuta wazazi wapigaji. Alisema mtoto anajifunza muziki kama anavyojifunza lugha ya mama, anaisikia nyumbani kila siku, anajaribu, anakosea, hakuna anaemchapa kwa kusema "maji" vibaya akiwa na mwaka mmoja.

Mi nilikuwa naenda na daftari. Mwalimu akisema bega la kushoto linapanda naandika "bega", akisema upinde unateleza kuelekea vidole vya mkono wa kushoto naandika "upinde unakimbia". Basi nyumbani sisemi umekosea noti, nitajulia wapi, nauliza tu "mwalimu alisemaje kuhusu bega?" na bega linashuka lenyewe. Kingine ni kutyuni, yaani kukaza au kulegeza nyuzi mpaka kila uzi utoe noti yake sawasawa. Mtoto wa miaka saba vile vigingi vya kichwani vinamshinda, ni vigumu na akizungusha kwa hasira uzi unakatika, kwahiyo mzazi anajifunza, programu ya bure kwenye simu inakuonyesha, nyuzi za vayolini kutoka nene kwenda nyembamba ni G, D, A, E, na ile A wengi wanaiweka mitetemo 440 kwa sekunde. Kama iko nje kidogo tu tumia viskrubu vidogo vya chini mkiani, usiguse vigingi. Mtoto akifanya mazoezi kwenye ala isiyotyuniwa, sikio lake linazoea uongo, hapo wewe usiyejua noti umefanya kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Dhana: asipoanza na miaka minne ameshachelewa.

Hapa watu wanakurushia samaki mkunje angali mbichi na mjadala unaishia hapo. Kwa vayolini na piano ni kweli wanaoanza mapema wanapata faida, sibishi. Ila ala siyo moja. Tarumbeta na tromboni walimu wengi wanasubiri meno ya mbele ya utu uzima yatoke yatulie, manake mdomo wote unaegemea pale, dabo besi, ile kama vayolini kubwa kuliko mtu, inataka mwili, basuni, lile zumari refu la sauti nzito, inataka vidole virefu, na vayola wengi wanaipiga baada ya kuhama kutoka vayolini wakiwa tayari wakubwa, binti yangu alihama akiwa na miaka 12. Halafu mtoto wa miaka 10 anaelewa kwa dakika tano kitu ambacho wa miaka minne utakiimba mwezi mzima.

Na wale wanaosema lazima awe na lile sikio la kutaja noti yoyote anayoisikia bila msaada, hapana. Ni wachache mno duniani wanalo, na wanamuziki wengi sana wa okestra hawana. Wanachokuwa nacho ni uwezo wa kusikia umbali kati ya noti moja na nyingine, na huo unafundishika kwa mtu wa umri wowote.

Dhana: mnunulie kubwa, atakua nayo.

Jamani vayolini siyo sare ya shule. Zina saizi, 1/16, 1/10, 1/8, 1/4, 1/2, 3/4 mpaka 4/4 ambayo ndo ya mtu mzima, na saizi inafuata urefu wa mkono siyo umri. Unamwekea begani, ananyoosha mkono wa kushoto, kiganja kikiweza kufunika kile kichwa kilichojikunja huku kiwiko kimekunjika kidogo, imemtosha. Akilazimika kunyoosha mkono mpaka mwisho, ni kubwa, mrudishe saizi moja chini. Ikiwa kubwa mtoto anapinda kifundo cha mkono, anainua bega, anabana shingo, vidole havifiki mahali pa noti kwahiyo kila noti iko chini, na we mzazi unakaa pale unawaza huyu hana sikio, kumbe sikio analo, mkono ndo mfupi. Ndo maana wengi wanakodi mpaka afike saizi kamili, na kama mwalimu wako anajua pa kukodi au pa kubadilishana saizi na familia nyingine msikilize.

Ya bei rahisi kupita kiasi nayo ni mtego, siyo kwasababu ya sauti tu, mtoto anayeanza hatasikia tofauti hiyo. Shida ni daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, limechongwa vibaya na vigingi havishiki, unatyuni, ukihesabu kumi imeshashuka. Mtu mwenye ufundi akilichonga daraja na kurekebisha vigingi, ala hiyo hiyo ya kawaida inageuka kitu kingine.

Hapa nikiri dhambi yangu. Wiki ya pili niliamua kuisafisha, nikatoa nyuzi zote nne kwa pamoja, nikasikia kitu ndani kimeanguka, tok. Kumbe ndani mna kijiti kidogo kimesimama kati ya uso wa mbele na mgongo, hakijabandikwa kwa gundi, kinashikwa na mgandamizo wa nyuzi tu, ukizilegeza zote kinaweza kuanguka, na sauti inakufa. Usijaribu kukirudisha na waya kama mimi, peleka kwa fundi wa ala, na siku zote badilisha uzi mmoja mmoja.

Dhana: masaa mengi ndo ubingwa.

Ile hesabu kwamba ukifanya mazoezi masaa 10,000 unakuwa bingwa imetutesa. Chanzo chake ni utafiti wa Anders Ericsson na wenzake wa 1993 kwa wapiga vayolini waliokuwa wanasoma Berlin, na ile 10,000 ilikuwa wastani wa wale bora walipofika miaka 20 hivi, siyo mstari wa kumalizia mbio, wengine kati ya hao hao bora walikuwa hawajaifikia. Na walichokuwa wanahesabu siyo kupiga tu, ni mazoezi ya kulenga, unachagua kitu kinachokushinda unakifanyia kazi mpaka kinyooke, ambayo yanachosha kweli kweli.

Sasa watafiti waliowahi kurekodi video za watoto wanaoanza wakifanya mazoezi nyumbani walikuta muda mwingi mno unaenda kwenye kupiga wimbo toka mwanzo mpaka mwisho, akikosea anapita, akimaliza anarudia. Ukimwambia huyo aongeze saa moja umemwongezea saa moja ya kukariri makosa. Dakika 20 zenye mpango zinaishinda hiyo saa mbali: skeli kidogo, zile noti za kupanda na kushuka kwa mpangilio, halafu vipande viwili vya wimbo vile vinavyomshinda, polepole na metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, halafu mwisho ndo anapiga anachokipenda. Na 20 za kila siku zinashinda masaa mawili ya Jumamosi, hapo sina hata haja ya kueleza.

Na ile dhana kwamba kusikiliza muziki wa Mozart, yule mtunzi wa zamani, kunamwongezea mtoto akili, nipite haraka. Lile jaribio la 1993 lilikuwa la wanafunzi 36 wa chuo, siyo watoto, walikuwa wanasikiliza siyo wanapiga, na matokeo yalikuwa kwenye maswali ya maumbo kwa dakika 10 au 15 hivi, basi. Mpe mtoto muziki kwasababu ni muziki.

Na ya "maumivu ni kawaida, avumilie": ncha za vidole kuuma siku za mwanzo sawa, ngozi inazoea. Kifundo cha mkono, bega, shingo au taya kuuma siyo sawa, anasimama, anamwambia mwalimu, mara nyingi ni ukaaji au kile kiegemeo cha bega.

Dhana: akikosa kwenye usaili wa okestra ya vijana, hana kipaji.

Hili ndo lililonifanya niandike. Okestra ina viti. Vayolini zinaweza kuwa zaidi ya 20 zikigawanywa kundi la kwanza na la pili, lakini fluti ni viti viwili, vitatu, wakizidisha vinne, klarineti hivyo hivyo. Sasa fluti inapendwa, wanakuja watoto wengi, wote wamejiandaa, kiti kimoja ndo kimebaki wazi mwaka huo. Atarudi nyumbani mtoto mzuri sana analia. Siku hiyo hiyo mtoto wa vayola wa kawaida tu, nasema kwa upendo maana ni wangu, anaingia, kwasababu vayola, obo (zumari dogo), basuni, honi ya kupuliza na dabo besi zinatafutwa karibu kila mahali. Kwahiyo kabla ya kumwambia mtoto chochote uliza viti vilikuwa vingapi.

Dhana ndogo ndogo za hapo hapo. Wazazi wanadhani ukichagua wimbo mgumu kuliko wote majaji watashtuka. Wanashtuka kweli, kwa ubaya, manake wanasikiliza noti ziko mahali pake, mapigo hayayumbi, sauti ni nzuri, na wimbo wa kati uliopigwa kwa utulivu unaonyesha yote hayo, ule mgumu unaonyesha tu kwamba ni mgumu. Skeli watoto wanaidharau, na ndo kitu cha kwanza wengi wanachoombwa. Kusoma noti papo hapo usizowahi kuziona nako kunatisha, ila siri yake ni moja, usisimame, noti ikikupita iache uendelee na mapigo, kwenye okestra wenzako 60 hawatakusubiri. Sisi tulifanya nyumbani mchezo wa kila siku mistari minne mipya, dakika mbili tu, ukisimama umekufa.

Kuwekwa vayolini ya pili siyo kuwekwa benchi. Sehemu yake iko tofauti, mara nyingi ndo inayobeba mapigo ya katikati ambayo wasikilizaji hawayataji ila yakitoka nyumba nzima inabomoka, na okestra nyingi za vijana zinazungusha watoto kati ya makundi hayo mawili.

Na siyo kweli kwamba okestra zote ni za walioiva. Ile ya taifa ya vijana ya Uingereza, iliyoanzishwa 1948, ni mchujo mkali na inachukua walioshafika mbali. Lakini kule Venezuela José Antonio Abreu alianza 1975 mpango unaoitwa El Sistema, akaugeuza kichwa chini, mtoto anawekwa kwenye okestra mapema kabisa na ndani ya okestra ndo anajifunzia kupiga, na humo ndo alitokea Gustavo Dudamel ambaye 2009 alishika uongozi wa muziki wa Los Angeles Philharmonic. Kwahiyo kabla hujalipia fomu soma kwanza hiyo okestra ni ya aina gani, kuna zenye ngazi mbili tatu, za wanaoanza na za waliokwenda mbali, na kumpeleka mtoto ngazi isiyo yake ni kosa letu siyo lake.

Dhana: mkitoka tu mlangoni kwenye usaili, muulize alikosea wapi ili ajifunze.

Nilifanya hivyo mara ya kwanza. Aligeukia dirisha la gari mpaka tunafika nyumbani. Mwaka uliofuata nilifunga mdomo, nikamuuliza ana njaa, basi. Siku ya tatu yuko sebuleni anapaka rozini, ule utomvu mkavu, kwenye upinde, akasema mwenyewe bila kuniangalia, "walinikatisha katikati wakaniambia nirudie polepole, hapo nikajua nimefeli". Nilipomsimulia mwalimu alicheka. Wakikukatisha mara nyingi ni muda tu, wana watoto wengi wanasubiri nje, na wakikuambia urudie kwa namna nyingine wanataka kuona ukielekezwa unabadilika, manake kondakta, yule wa fimbo siyo wa basi, hiyo ndo kazi atakayoifanya na wewe kila wiki. Barua ilikuja baada ya siku tisa, kiti cha mwisho kabisa nyuma ya vayola zote, na alilala na hiyo barua.