Kabla hujampeleka ndugu yako rehabu, uliza nani anakesha usiku

Familia nyingi zinapotafuta kituo cha kumtibu mraibu hapa Uganda huangalia ukuta, geti, chakula na ada. Zikifika huonyeshwa bustani, chumba cha televisheni na kitanda chenye chandarua. Si vibaya kuviangalia hivyo, lakini havimtibu mtu. Wanaotibu ni watumishi, na swali linalopima ubora wao ni hili: saa nane usiku, siku ya pili tangu mgonjwa aache pombe, nani yupo zamu, na anajua afanye nini?

Mtu aliyekunywa waragi kila siku kwa miaka mingi akiacha ghafla, mwili hudai. Mikono huanza kutetemeka saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Mishtuko ya kifafa, ikitokea, mara nyingi hutokea ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya 2 na ya 4 huweza kufuata kuweweseka kukali: mgonjwa hajui alipo, anaona wadudu ukutani, anatoka jasho, homa inapanda, moyo unakwenda mbio. Hali hiyo isipotibiwa huua. Sasa fikiria kituo ambacho daktari hupita Jumamosi asubuhi, na usiku hubaki askari wa getini pamoja na mgonjwa wa zamani aliyepewa funguo. Mara nyingi usiku hupita salama, na ndiyo maana wenye vituo huzoea. Utaratibu huo huonekana mbovu siku mtu anapoanguka kifafa bafuni.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kudai ni muuguzi aliyesajiliwa, awepo usiku na mchana kwa siku zote za kutoa sumu mwilini, na bora zaidi awe amesomea uuguzi wa afya ya akili. Cheti peke yake hakitoshi. Awe anaweza kutumia kipimo cha CIWA-Ar, kinachopima ukali wa dalili za kuacha pombe, chenye vipengele 10 na alama zisizozidi 67: kichefuchefu, kutetemeka, jasho, wasiwasi, kuona au kusikia visivyokuwepo, na vingine. Kwa kawaida mgonjwa aliye chini ya alama 8 huangaliwa tu. Akipita 15 kwenda juu yuko hatarini na dawa haisubiri asubuhi. Kipimo hurudiwa kila baada ya saa chache na kuandikwa kwenye faili. Faili lisilo na maandishi ya usiku lina maana kwamba usiku huo hakuna aliyepima.

Makosa tunayoyaona kwa watumishi wasiofunzwa yanafanana mno. La kwanza ni dripu ya glukosi bila thiamini. Mnywaji wa muda mrefu huwa amepungukiwa vitamini B1. Ukimmiminia sukari kabla ya kumpa thiamini unaweza kumletea ugonjwa wa ubongo wa Wernicke, ambao huvuruga macho, mwendo na kumbukumbu, na wengine hawarudi walivyokuwa. Kinga yake ni rahisi: angalau miligramu 100 za thiamini kwa siku kwa siku 5, kwa sindano ikiwa mgonjwa amekonda sana au anatapika. La pili ni kumchoma kloropromazini, dawa ya magonjwa ya akili, mgonjwa anayehangaika ili anyamaze. Atanyamaza, ndiyo, lakini dawa hiyo hurahisisha kifafa kwa mtu ambaye tayari yuko ukingoni. Dawa inayotakiwa ni ya kundi la diazepamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo vya kibingwa unaruhusu hadi miligramu 40 kwa siku mwanzoni, kisha kipimo kishushwe hatua kwa hatua. Hapa ndipo kosa la tatu linapozaliwa: diazepamu haipunguzwi, mgonjwa anatoka na uraibu mpya mfukoni. Mwandikaji wa dawa hizo lazima awe daktari au afisa tabibu mwenye mamlaka hayo, na kila kidonge kiandikwe kwenye daftari la dawa zinazodhibitiwa.

Utajuaje kama mtu ni yule anayedai kuwa? Madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, wauguzi na Baraza la Wauguzi na Wakunga, na maafisa tabibu, wakiwemo wa magonjwa ya akili, na Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi. Usajili na leseni ni vitu viwili: mtu husajiliwa mara moja, lakini leseni ya kufanya kazi huhuishwa. Omba kuona leseni ambayo muda wake haujaisha, soma jina, linganisha na kitambulisho. Kituo chenyewe nacho kiwe na leseni yake. Cheti cha kusajili kampuni au shirika lisilo la kiserikali si kibali cha kutibu. Wapo wanaokitundika ukutani kwa fremu nzuri wakijua wageni wengi hawatakisoma hadi chini.

Afisa tabibu wa magonjwa ya akili ni kada ambayo watu wengi hawaijui, ingawa ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi hii nje ya Kampala. Wengi wao wamefundishwa Butabika, penye hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache na wamejazana mjini, kwa hiyo kituo cha Arua au Kasese chenye afisa tabibu makini, muuguzi wa akili, na namba ya bingwa anayepokea simu kweli, kinaweza kuwa bora kuliko jumba la kifahari karibu na Kampala lenye jina la profesa kwenye bango na bila muuguzi ndani.

Upande wa ushauri nasaha kuna ukungu zaidi. Chama cha Ushauri Nasaha Uganda huunganisha wanataaluma na kuweka maadili, lakini ni chama, hakina nguvu ya baraza lililoundwa kwa sheria. Matokeo yake, aliyesoma shahada miaka 3 na aliyehudhuria semina ya wikendi wote hujiita washauri. Shahada ya saikolojia ni msingi mzuri, ila haimfundishi mtu uraibu. Uliza kama amepitia Mtaala wa Kimataifa wa Tiba ya Uraibu ulioandaliwa chini ya Colombo Plan, shirika la ushirikiano wa nchi mbalimbali. Ngazi yake ya msingi inafundisha fiziolojia ya uraibu, uchunguzi wa mgonjwa, mpango wa matibabu, stadi za ushauri, dharura na maadili. Waliofaulu mtihani wake wa umahiri hupewa cheti cha ICAP, yaani cha kimataifa cha mtaalamu wa uraibu, kwa ngazi. Cheti hicho hakimgeuzi mtu kuwa tabibu, na mwenye nacho akianza kuandika dawa, ondoka.

Muulize mshauri mambo ya kazi. Anatumia kipimo gani kujua ukubwa wa tatizo? Jibu zuri ni kama AUDIT, maswali 10 ya pombe yenye alama 0 hadi 40, ambapo 20 na zaidi huashiria utegemezi, au ASSIST kwa mchanganyiko wa dawa za kulevya, mairungi na bangi vikiwemo. Mpango wa matibabu wa mgonjwa mmoja unafananaje na wa mwingine? Ikiwa wote 30 wana ratiba ileile ya sala, usafi na mihadhara, hapo hakuna mpango. Nani anamsimamia yeye? Mshauri asiye na msimamizi wa kupitia naye kesi zake mara kwa mara huchoka, huanza kugombana na wagonjwa, au huvuka mipaka nao. Na je, anauliza kuhusu kujiua? Wiki za kwanza bila kilevi huzuni hupanda, madeni na aibu vinarudi kichwani, na mtumishi anayeogopa kuuliza waziwazi huacha hatari hiyo ikue.

Kuhusu waraibu waliopata nafuu na sasa ni watumishi, maoni hugawanyika, na nitasema wazi msimamo wetu: wanahitajika, lakini si badala ya muuguzi. Mgonjwa anayemdharau daktari humsikiliza mtu aliyewahi kulala mtaroni kama yeye. Kazi yao ni kumtia mtu moyo, kumsindikiza kliniki, kumtembelea akitoka, kuendesha vikundi vya kusaidiana. Programu nyingi hudai kipindi cha nafuu thabiti kabla ya kuajiri, kisha mafunzo ya usiri na mipaka: hawakopeshani pesa na wagonjwa, hawalali nao chumba kimoja, hawagawi dawa. Wapewe mshahara. Kumfanyisha kazi bure mtu anayetoka kwenye uraibu, eti ni sehemu ya tiba yake, ni unyonyaji, na ni njia fupi ya kumrudisha kwenye chupa.

Kwa heroini mambo hubadilika. Kliniki ya kwanza nchini ya dawa mbadala za afyuni ilianza Butabika mwaka 2020, ikitoa methadoni na buprenofini. Methadoni hunywewa mbele ya mtumishi kila siku. Huanza na miligramu 10 hadi 30, na hupandishwa polepole kwa sababu hujilimbikiza mwilini kwa siku kadhaa. Anayepandisha haraka kwa kumhurumia mgonjwa anaweza kumuua ndani ya wiki 2 za mwanzo. Anayegawa dawa amtazame mgonjwa kabla ya kumpa kikombe. Akisinzia au akinuka pombe, dozi husubiri uamuzi wa tabibu. Aliyekosa siku 3 mfululizo hapewi dozi yake ya zamani bila kupimwa upya. Mtumishi ajue pia kwamba rifampisini ya kifua kikuu hushusha nguvu ya methadoni, hivyo mgonjwa anayelalamika arosto (mateso ya kukosa heroini) wiki chache baada ya kuanza dawa za TB hadanganyi. Mjamzito anayetumia heroini hakatizwi ghafla. Huunganishwa na dawa mbadala na kliniki ya wajawazito. Naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidiwa na heroini au methadoni, iwepo, na askari wa zamu ajue ilipo.

Lugha nayo ni sifa ya kazi. Kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II na Kyangwali wapo wengi kutoka Kongo ambao Kiswahili ndicho wanachoweza kulilia. Mshauri wa Kiganda na Kiingereza pekee atahitaji mkalimani, na mkalimani huyo asiwe mke, kaka wala mtoto wa mgonjwa. Nani atataja ubakaji au wizi mbele ya mwanawe? Wagonjwa wanawake nao wawe na mtumishi wa kike kila zamu, pamoja na bweni lao.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 imehesabu uraibu wa pombe na dawa ndani ya magonjwa ya akili. Maana yake ni kwamba mraibu ni mgonjwa mwenye haki, na kumlaza asiyetaka kuna taratibu zake. Vijana wanne wa kukodi, kamba na gari la usiku si taratibu. Minyororo, viboko na kunyimwa chakula havimo kwenye mafunzo ya kada yoyote ya afya. Vilevile disulfiramu, dawa inayomfanya mnywaji aumwe akigusa pombe, haiwekwi kwenye chai kwa siri hata mke akiomba kwa machozi. Mgonjwa anatakiwa ajue, akubali, awe amekaa angalau saa 24 bila pombe, na moyo na ini vyake viwe vimeangaliwa. Akinywa bila kujua anaweza kuzirai au kufa.

Siku ya kutoka, dai barua. Iandike utambuzi wa ugonjwa, dawa na dozi, tarehe ya mwisho wa kila dawa, vipimo vilivyofanyika, dalili za kurudia, na jina la mtumishi wa kituo cha afya cha IV au hospitali ya rufaa ya mkoa atakayeendelea naye. Kwa aliyekuwa akitumia heroini, mtumishi akae na familia aeleze kwamba mwili umesahau kile kipimo cha zamani: akirudia kiasi alichozoea kabla ya kulazwa, kinaweza kuzima pumzi yake. Miadi ya kwanza iwe ndani ya siku 7 na imeshapangwa kabla hajabeba begi, siyo «mkipata nafasi mje».