Maana ya njia wazi kati ya antena mbili

Njia wazi ni mstari ulionyooka kati ya antena mbili, pamoja na nafasi inayouzunguka mstari huo, vyote vikiwa havina kizuizi. Sehemu ya pili ya maana hiyo ndiyo inayosahaulika mno hapa Mwanza, ambako vilima vimewazoesha watu kuonana kwa mbali: fundi hupanda juu ya paa, huliona bati la ghala la pili, kisha huandika kwenye makadirio kwamba njia iko wazi na kumwambia mteja anunue vifaa.

Kuonana kwa macho ni jambo jingine kabisa. Jicho huridhika na upenyo mdogo kati ya matawi, ilhali mawimbi ya redio hutanuka yanaposafiri, na yale yanayopita kando ya mstari huchangia nguvu inayopokelewa upande wa pili. Nafasi hiyo huitwa ukanda wa kwanza wa Fresnel, kwa jina la mwanafizikia Mfaransa Augustin-Jean Fresnel (1788–1827), ambaye alichunguza tabia ya mwanga. Umbo lake ni kama mtumbwi unaotazamwa kutoka juu, mwembamba kwenye ncha zote mbili na mpana katikati, na mpaka wake ni pale ambapo wimbi linalozunguka kando linasafiri umbali unaouzidi ule wa wimbi la moja kwa moja kwa nusu ya urefu wa wimbi, yaani takriban sentimita 2.6 kwa masafa ya gigahezi 5.8.

Kwa masafa hayo, majengo yaliyo umbali wa kilomita 2 yana ukanda wenye nusu kipenyo cha mita 5 hivi katikati ya njia, na kwa gigahezi 2.4 hukaribia mita 8. Kanuni ya kawaida ya kazi hii ni kuacha angalau asilimia 60 ya nusu kipenyo ikiwa huru, kwa hiyo mwembe ulio katikati ya njia ya gigahezi 5.8 unapaswa kuwa mita 3 chini ya mstari. Mwembe ambao kilele chake kinaugusa mstari huo bado utamruhusu fundi kuliona ghala vizuri, lakini mawasiliano yatadhoofika, hasa majani yakilowa mvua, na lawama zitaangukia redio ambazo hazina kosa. Tena jabali halirefuki. Mwembe hurefuka, na jirani huongeza ghorofa.

Njia inayovuka maji ina shida yake ya ziada, ingawa hakuna mti hata mmoja. Ziwa likitulia huakisi mawimbi, na yale yaliyoakisiwa yanaweza kufika yakipingana na ya moja kwa moja. Kina cha ziwa nacho hubadilika, kama ilivyoonekana mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipopanda, hivyo akisi huhama. Mara nyingi husaidia kuweka antena moja juu na nyingine chini, ili mahali pa kuakisia pasogee karibu na ile ya chini na kuangukia nchi kavu.

Basi ndugu fundi, ukiliona jengo la pili, andika kwamba majengo yanaonana, kwa kuwa hilo ni kweli na lina faida yake. Maneno «njia iko wazi» yasubiri mpaka uwe umepima urefu wa kizuizi kikubwa, umbali wake kutoka kila antena, na mita zilizobaki kati ya kilele chake na mstari.