Choo kisicho na maji si lazima kinuke
Ukitaja choo kisicho na maji kwa mgeni anayetafuta loji ufukweni Pangani, hukunja pua papo hapo. Imani kwamba choo hicho lazima kinuke ni ya siku nyingi, lakini si kweli. Harufu kali huja kinyesi kikilowa mkojo na kukosa hewa. Kwenye choo cha mboji, yaani choo kisicho na maji ambamo kinyesi huachwa kioze kiwe mbolea, mkojo hupitishwa kando, kila anayemaliza humwaga kata ya majivu au maranda, na bomba jeusi likipigwa na jua huvuta hewa ya chini na kuitoa juu ya paa. Mimi naogopa zaidi choo cha shimo kilichochimbwa mchangani: maji ya ardhini yako karibu, uchafu hupenya upesi hadi kisimani. Mboji iliyokaa zaidi ya mwaka hutiwa kwenye mashina ya minazi.