"Akinipiga, nitampata wapi?" Dhana potofu kuhusu kuaminika mtandaoni

Hakuna mwenye simu Tanzania ambaye hajawahi kutumiwa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Umezoeleka mpaka umekuwa utani, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ina namba maalumu, 15040, ya kuripoti namba za matapeli hao. Mfanyabiashara mdogo anayefungua ukurasa Instagram au kupanga bidhaa zake kwenye status ya WhatsApp anaingia uwanja huohuo. Kabla hajasema lolote, mtu anayemtazama ana swali moja kichwani: huyu akinipiga, nitampata wapi?

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu kujenga imani ya wateja haugusi swali hilo kabisa. Unahusu kupendeza: nembo, rangi, picha kali, idadi ya wafuasi. Si vibaya, ila tapeli naye anavipata vitu hivyo kwa bei ileile unayovipata wewe, na mara nyingi vyake vinang'aa zaidi.

"Wafuasi wengi ndio dhamana"

Wafuasi wananunuliwa. Mwanzoni mwa 2019 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alifikia makubaliano na kampuni ya Devumi ya kukomesha uuzaji wa wafuasi na likes bandia, na tangu Oktoba 2024 kanuni ya FTC, tume ya biashara ya Marekani, inapiga marufuku kununua na kuuza maoni bandia ya wateja pamoja na wafuasi bandia wa kukuza biashara. Wateja wetu hawajaisoma kanuni hiyo, lakini hesabu wanaijua. Wakikuta ukurasa una wafuasi elfu 80 halafu posti ina likes kumi na komenti nne, zote za alama ya moto, wanaondoka zao. Ukurasa wenye watu mia nne, ambako mtu kauliza "saizi 40 ipo?" akajibiwa "ipo nyeusi tu, kahawia imeisha", unaaminika kuliko huo. Hilo neno "imeisha" linafanya kazi kubwa kuliko wauzaji wanavyodhani. Tapeli haishiwi mzigo.

"Tiki ya bluu inamaliza ubishi"

Novemba 2022, Twitter ilipoanza kuuza tiki kwa dola 8 kwa mwezi, mtu alifungua akaunti kwa jina la kampuni ya dawa ya Eli Lilly, akalipia tiki, akatangaza kwamba insulini sasa ni bure. Kampuni yenyewe ikabidi iombe radhi kwa watu waliopotoshwa. Meta, wenye Facebook na Instagram, nao wanauza tiki tangu 2023, ingawa wao hudai kitambulisho kwanza. Hata hivyo tiki ya namna hiyo inasema tu kwamba mwenye akaunti amejitambulisha kwao. Kama viatu vitafika Songea, haijui.

Alama ya kufuli kwenye tovuti ina hadithi kama hiyo. Google waliiondoa kwenye Chrome mwaka 2023 kwa sababu watu waliisoma kuwa tovuti ni ya kuaminika, ilhali tovuti nyingi za wizi zinayo pia.

"Bila tovuti hutaaminika"

Jumia, duka la mtandaoni, ilikuwa na tovuti, programu ya simu, na jina kubwa Afrika nzima. Ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Sisemi ilikufa kwa kukosa kuaminiwa. Biashara hufa kwa sababu nyingi. Ila wauza vitenge wanaotumia status ya WhatsApp peke yake wapo, na wateja wao wapo.

Tovuti inamfaa mwenye hoteli anayepokea wageni kutoka nje. Muuza viatu inamfaa zaidi sehemu ya duka lake ionekane kwenye Google Maps, pamoja na picha ya mlango. Na aelekeze vizuri! "Tupo Kariakoo, Mtaa wa Kongo" hayo si maelekezo. Jina la jengo, ghorofa ya ngapi, namba ya fremu: mteja wa Mtwara hatakuja, lakini ana shangazi Ilala anayeweza kutumwa kuangalia, na kule kujua tu kwamba anaweza kutumwa kunamtuliza.

"Akishapenda bidhaa, malipo ni jambo dogo"

Hapa ndipo wengi wanapompoteza mteja bila kujua. Mteja yuko Mwanza, kiatu amekipenda, bei amekubali. Anabonyeza *150*00# ya M-Pesa, anaingiza namba aliyopewa na kiasi, na kabla ya namba ya siri simu inamletea jina. Duka lina jina la kike na neno "Collection" mwishoni. Jina lililokuja ni la mwanamume, majina matatu kamili. Anasita. Anaandika: "Dada, mbona limekuja jina la kiume?" Anajibiwa: "Ni ya mume wangu, we tuma tu."

Huenda ni kweli ni ya mume wake. Lakini "we tuma tu" ni lugha ya matapeli, na mteja ameisikia mara nyingi mno. Anafunga simu, anasema atatuma jioni, na jioni hiyo haifiki. Muuzaji anabaki kulalamika kwamba wateja wa siku hizi si wanunuzi, wanauliza bei tu.

Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara, ikiwa na jina la biashara inaziba pengo hilo, na inaondoa pia ule mjadala wa "weka na ya kutolea." Kenya ni vilevile: mteja akiona jina la duka kwenye till, namba ya malipo ya duka, halipi kwa mashaka kama anapotuma kwa namba ya mtu binafsi. Wengi wanaogopa usajili wakidhani ni wa makampuni. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, inasajili jina la biashara hata la mtu mmoja, kwa njia ya mtandao, na TIN, namba ya mlipakodi inayotolewa na mamlaka ya mapato TRA, ni bure. Ukishasajiliwa, mtu aliyekaa Mwanza anaweza kulitafuta jina lako mwenyewe bila kukuuliza. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, nayo inahakikiwa kwenye mfumo wa TRA. Mambo mteja anayoweza kuyathibitisha pasipo wewe kuwepo yana uzito kuliko yote unayomwambia.

Kuna suala kubwa zaidi ya jina: hela ikishatoka, nani amebeba hatari? Soko la mtandaoni la Taobao lilipoanza China mwaka 2003, muuzaji na mnunuzi walikuwa wakiogopana kama wanavyoogopana huku kwetu. Mwaka uliofuata ikaja Alipay: hela ya mnunuzi inashikiliwa pembeni mpaka athibitishe kwamba mzigo umemfikia. Watu hawakugeuka wema kwa usiku mmoja. Hatari ndiyo iliyogawanywa, na wanaoagiza mizigo China wanalijua hilo.

Muuzaji wa Instagram hana wa kumshikia hela, kwa hiyo aigawanye hatari kwa mkono. Ndani ya Dar, bodaboda apeleke, mteja afungue, akague, ndipo alipe. Nauli ya boda alipe kwanza, ili naye aonyeshe nia. Kwa mzigo wa mkoani, nusu mwanzoni, na nusu ya pili baada ya kutumiwa picha ya risiti ya ofisi ya basi yenye jina lake na namba ya mzigo. Hapo kila mmoja ana kitu cha kupoteza. Muuzaji naye asimwachie mtu mzigo kwa sababu ya SMS ya malipo aliyoonyeshwa, maana za kughushi ni nyingi. Aangalie salio lake mwenyewe. Akisema mapema "huwa tunahakiki salio kwanza, ni utaratibu wetu", hakuna anayekasirika.

"Bei njoo DM"

Sababu inayotolewa ni kuwaficha washindani. Washindani wanakuja DM kama wateja wa kawaida na wanaipata. Anayebaki nje ni mteja mwenye haya, au yule anayehisi bei itapangwa kwa kuangalia picha yake ya wasifu. Andika bei. Kama inapungua, andika "maongezi yapo."

"Picha za meseji za wateja ndizo ushahidi bora"

Mazungumzo ya WhatsApp hutengenezwa na mtu mmoja mwenye simu mbili, na watu wameshalijua hilo. Ubaya wa pili ni wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika Mei 2023. Jina, namba ya simu na sura ya mteja wako vimo ndani yake. Kenya, ambayo ina sheria kama hiyo tangu 2019, Septemba 2023 kamishna wa data alilipiga faini ya shilingi 1,850,000 eneo moja la starehe Nairobi kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kuomba ni sentensi moja: "Dada, naomba niposti picha yako ukiwa na gauni, uso nitauficha ukitaka." Bora zaidi ni picha aliyoiposti mteja mwenyewe akaku-tag, kwa sababu anayetilia shaka anaweza kwenda kwake kumuuliza.

"Nyota tano tupu, na komenti mbaya ifutwe haraka"

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern wa mwaka 2017 ulikuta kwamba uwezekano wa mtu kununua hufika kilele bidhaa ikiwa na wastani wa nyota 4.0 hadi 4.7, kisha hushuka wastani unapoikaribia 5. Ukamilifu unatia shaka. Maoni yenyewe hata hivyo yana uzito: Michael Luca wa Harvard aliangalia migahawa ya Seattle na kuona kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp, mtandao wa maoni ya wateja, iliendana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9. Na waliofaidika ni migahawa ya kujitegemea. Ile yenye matawi kila mahali haikupata nyongeza hiyo.

Mteja aliyefutiwa komenti hanyamazi. Anahamia kwenye status yake na kwenye magrupu, na sasa ana picha ya skrini inayoonyesha umem-block. Mjibu palepale kila mtu anapoona, kwa maneno yanayoweza kupimwa: "Pole sana dada. Mzigo wako ulitoka Mbezi Jumanne, risiti nimekutumia tena inbox. Ofisi ya basi Mwanza wanasema haujashushwa. Usipoonekana mpaka kesho saa 10 jioni narudisha hela yako yote." Kesho yake rudi chini ya komenti hiyohiyo uandike ilivyoishia. Watu mia moja wataisoma, na wanachokitafuta humo ni jinsi unavyofanya mambo yakiharibika. Ya mambo kwenda sawa wanayajua kwenye matangazo yako.

"Mtaalamu naye ajinadi kama muuza bidhaa"

Daktari, wakili au mhasibu anayeahidi matokeo mtandaoni anajiharibia, na kwa mawakili wa Tanzania kanuni za maadili zinabana kujitangaza. Aweke namba yake ya usajili. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili wa kuangalia kama wakili ana sifa ya kufanya kazi. Chama cha Mawakili Kenya nacho kina orodha kama hiyo. Kisha aeleze jambo moja analolijua kwa undani, na aseme wazi lisilo lake. "Hili la ardhi si eneo langu" ni sentensi inayoleta wateja wa mirathi.

"Ukishaaminika, umeaminika"

Akaunti yenye miaka mitano na wateja wanaoiamini ndiyo anayoiwinda mwizi, maana kazi ya kuaminika umeshamfanyia. Anapiga simu akijifanya mteja au mtu wa kampuni ya simu, anaomba "namba sita zilizokuja kwako kwa bahati mbaya", ambazo ndizo za kufungulia akaunti yako, na dakika chache baadaye anawaandikia wateja wako wote kwa jina lako kwamba kuna ofa ya leo tu, namba ya malipo imebadilika.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp na Instagram. Halafu wazoeshe wateja kwamba malipo yako yanakuja na jina moja tu, na likija jingine wasitume, wapige simu dukani. Usiliandike hilo kwenye wasifu pekee, kwa kuwa aliyeiba akaunti atalifuta. Lichape kwenye risiti na kwenye mfuko wa kubebea.