Amnesty ni ya nani? Yanayosemwa kijiweni na yalivyo

Ukitaja Amnesty International kwenye kahawa pale Mwembe Tayari, Mombasa, hukosi kuambiwa ni watu wa Umoja wa Mataifa, au ni mkono wa mabalozi, au ni njia ya kupata mshahara wa dola za Kimarekani. Kila dai lina pahali lilipochipuka, na ndiyo maana halifi.

"Ni Umoja wa Mataifa hao."
La. Ni shirika la wanachama la kutetea haki za binadamu, lililoanza London mwaka 1961 baada ya wakili Peter Benenson kuandika katika gazeti la The Observer, tarehe 28 Mei, kuhusu wafungwa waliosahauliwa. Hapa kwetu huchanganywa pia na MUHURI, shirika la kiraia la haki za binadamu lililoanzishwa Mombasa mwaka 1997, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambayo ni chombo cha dola chini ya kifungu cha 59 cha Katiba. Afadhali ujue tofauti kabla hujapoteza nauli: Tume ina uwezo wa kisheria wa kumwita afisa kwa samansi, Amnesty haiwezi kumwita hata karani. Nguvu yake ni uchunguzi, kalamu na wingi wa watu.

"London huamua, sisi hufuata."
Hili ndilo lenye mizizi. Nairobi kuna ofisi mbili zenye jina hilohilo. Moja ni ya kanda, mkono wa Sekretarieti ya Kimataifa, yaani ofisi kuu ya watumishi yenye makao London. Nyingine ni tawi la Kenya, lenye wanachama wake na bodi yake. Mtu akipeleka malalamiko kwenye mlango usio wake, akaambiwa "hilo si letu", hurudi Mombasa akisema wanatupiana mpira.

Mamlaka yenyewe hupanda kutoka chini. Wanachama huchagua bodi ya tawi lao. Matawi hutuma wawakilishi kwenye Mkutano Mkuu wa Dunia. Zamani chombo hicho kilikuwa Baraza lililokutana kila baada ya miaka miwili. Baada ya mageuzi ya uongozi, tangu 2018 mkutano ni wa kila mwaka. Mkutano huo huchagua Bodi ya Kimataifa ya watu 9, kipindi cha miaka mitatu. Bodi ndiyo humwajiri Katibu Mkuu, ambaye tangu 2021 ni Agnès Callamard wa Ufaransa. Yeye anayeonekana kwenye televisheni ni mwajiriwa, na anaowajibika kwao ni watu wa kujitolea.

Sasa, London haina sauti? Inayo, na kubwa. Watafiti wengi ni wa Sekretarieti, na msimamo ukishapitishwa matawi yote lazima yaufuate, Kenya isije ikasema lake na Ghana lake. Tena matawi yenye uwezo huchangia mfuko wa pamoja unaobeba yasiyo nao, na mwenye kutoa kingi husikilizwa hata pale katiba haimpi cheo. Kukana hilo ni kujidanganya. Lakini tawi hubaki chini ya sheria za nchi lilipo: Septemba 2020 shughuli za Amnesty India zilisimama baada ya akaunti zake za benki kufungiwa, na London haikuwa na ufunguo wa kuzifungua.

"Hulipwa na serikali za Magharibi."
Kwa uchunguzi na kampeni, shirika halichukui pesa za serikali yoyote. Mlango ulioachwa wazi ni wa elimu ya haki za binadamu. Ukali huo una historia. Mwaka 1967 Benenson mwenyewe aliondoka katika mgogoro uliohusisha tuhuma za pesa za serikali ya Uingereza. Waliobaki walijifunza kufunga mlango.

"Wanachama hulipwa."
Hawalipwi, wao ndio hulipa ada. Wenye mshahara ni watumishi wa ofisi.

"Mkutano Mkuu wa Mwaka ni chai na hotuba."
Mkutano huu wa tawi au kikundi ndipo pa kushika usukani, na ndipo vikundi vingi vya kujitolea huharibikiwa, viwe vya Amnesty au vingine. Ugonjwa wa kwanza ni daftari la wanachama. Tuseme katiba ya kikundi inataka akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama ili mkutano uwe halali, ya thuluthi moja na daftari lina majina 60: wanatakiwa 20. Lakini 24 walishahamia Nairobi au Doha na hawajalipa ada miaka miwili. Wanachama halisi ni 36, akidi ni 12. Wakija 15, kwa daftari chafu mkutano umevunjika, kwa daftari safi ni halali. Safisheni kabla ya kutoa notisi, kamwe si siku ya kura, maana hapo kila jina litakaloondolewa litaitwa hila.

Ugonjwa wa pili ni "mengineyo", kipengele cha mwisho cha ajenda. Jambo zito huletwa mwisho, nusu ya watu wameshakimbilia feri ya Likoni, na waliobaki hupitisha. Hoja ya kubadili katiba au kuondoa kiongozi iandikwe na isambazwe pamoja na notisi, la sivyo uamuzi wake utapingwa na utaanguka. Wa tatu ni mchango kutumwa kwenye M-Pesa ya mweka hazina. Hata awe mwaminifu namna gani, pesa ya kikundi itakaa pamoja na ya mboga na hesabu haitalingana. Fungueni nambari ya malipo ya kikundi, na kila malipo yaidhinishwe na watu wawili.

"Maandamano huombewa kibali."
La. Sheria ya Utulivu wa Umma ya Kenya yataka taarifa tu kwa mkuu wa kituo cha polisi, kati ya siku 3 na 14 kabla, na shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Andika jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa, na njia mtakayopita. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Barua yenye neno "tunaomba" humpa afisa nafasi ya kukataa ombi ambalo sheria haikudai.

"Hutetea wahalifu."
Jina "mfungwa wa dhamiri" hupewa aliyefungwa kwa imani au maoni bila kutumia wala kuhimiza nguvu. Kwa hao Amnesty hudai waachiliwe. Kwa wengine hudai kesi ya haki, wasiteswe, wasinyongwe. Kipimo hicho hakikulegezwa hata kwa Nelson Mandela: mwaka 1964 shirika lilijadili na kuamua kwamba, kwa kuwa alikubali matumizi ya nguvu, hataitwa mfungwa wa dhamiri, ingawa liliendelea kulalamikia kesi na mateso ya wafungwa wa Afrika Kusini. Mwaka 2006 lilimtunuku tuzo yake ya Balozi wa Dhamiri.